Kunyamazisha jeni ili kemo ifanye kazi: habari ya saratani ya umio

Wagonjwa wengi wa saratani ya umio (lile bomba linalopitisha chakula toka kooni hadi tumboni) historia zao zinafanana, kwanza nyama ilianza kukwama akawa anashushia na maji, baadae ugali nao ukagoma akahamia kwenye uji, siku anafika hospitali hata mate hayapiti anatembea na kikopo cha kutemea. Na huku kwetu ipo sana, kuna ukanda wake kabisa unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini.

Akifika hivyo upasuaji mara nyingi hauwezekani tena, kinachobaki ni mionzi, stenti ya kutanua njia apate kula, na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Kemo kama sisplatini inaenda kung'ang'ania DNA ya seli, seli ikitaka kujigawa inashindwa, inakufa. Shida ni kwamba seli za saratani nazo zinajitetea. Kuna jeni (maelekezo ndani ya DNA ya kutengeneza protini) kama ERCC1, protini yake inakarabati DNA iliyoharibiwa, kuna zingine kama survivin zinaizuia seli isife hata ikiumia. Ndo maana unakuta dozi za mwanzo uvimbe unanywea watu wanashangilia, alafu baadae dawa ile ile haifanyi kitu. Na huwezi kuongeza dozi tu, sisplatini inaumiza figo (zile dripu nyingi za maji unazotundikiwa ni kwa ajili hiyo), masikio yanavuma, kutapika ndo usiseme.

Sasa hapo ndo kunyamazisha jeni kunapoingia. Jeni haitoki kwenye kiini cha seli, inatuma ujumbe wa RNA nje ukasomwe ndo protini itengenezwe. Mwaka 1998 wanasayansi Andrew Fire na Craig Mello walionesha kwenye minyoo kwamba ukiingiza RNA ya nyuzi mbili inayoendana na ujumbe ule, seli yenyewe inauharibu, wakapewa Nobel 2006. Ni kama oda imechanwa kabla haijafika jikoni, mpishi yupo, mchele upo, pilau haipikwi. Jeni yenyewe haijaguswa, kwa hiyo wale wanaoogopa kubadilishwa urithi watulie, tena nguvu yake inaisha inabidi kurudia.

Maabara, seli za saratani ya umio zikinyamazishiwa jeni za namna hiyo alafu zikapewa sisplatini, zinakufa kwa dozi ndogo zaidi. Muuaji bado ni kemo, hii nyingine inaizuia seli isijitetee.

Kigumu ni kufikisha. RNA tupu ikiingia kwenye damu inavunjwa haraka, ukiifunga kwenye vitonye vya mafuta vingi vinakimbilia kwenye ini. Ndo maana dawa ya kwanza ya aina hii, patisirani, iliyoruhusiwa Marekani 2018, inalenga protini inayotengenezwa na ini, na sio ya saratani. Umio una nafuu moja, kamera inafika, unaweza ukachoma uvimbe wenyewe, lakini ugonjwa ukishahamia kwenye tezi na mapafu sindano ya pale haitoshi.

Kwa hiyo anayekuuzia WhatsApp dawa ya kuzima jeni za saratani ya umio anakuibia, hospitali hazina dawa hiyo. Chakula kikianza kukwama usikae miezi unameza dawa za vidonda vya tumbo, omba kipimo cha kamera wachukue kinyama kikapimwe.