Mnywaji wa kila siku asikate pombe ghafla akiwa peke yake

Mikono ndiyo husema kwanza. Mtu anaamka asubuhi, anashika kikombe cha maji, nusu inamwagika kabla hajakifikisha mdomoni. Akipata glasi moja ya kuzimua, mkono unatulia. Yeye anaiita dawa. Sisi tunaotibu tunaona ubongo usioweza tena kwenda bila pombe.

Pombe hupooza ubongo. Ikiingia kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujiongezea vichocheo ili mtu abaki macho. Pombe ikikatika, vichocheo hivyo hubaki bila breki: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, presha kupanda, moyo kwenda mbio, usingizi kukimbia. Arosto hiyo huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, na kwa wengi hupoa baada ya siku chache.

Si kwa wote. Wapo wanaoanguka degedege ndani ya saa 48, hata wasiokuwa na kifafa. Wengine huchanganyikiwa kati ya siku ya 2 na ya 4, wakati nyumbani wameshaanza kushangilia kwamba hajanywa. Anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka, mwili unachemka, hata mke wake hamtambui tena ni nani. Hali hii huua, ndiyo maana kumfungia chumbani "mpaka imtoke" hunitisha kuliko ulevi wenyewe. Mkimbizeni hospitali. Akipata degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Hospitalini hupewa diazepamu au dawa ya jamii yake, kipimo kikipunguzwa siku hadi siku. Msimnunulie wenyewe, ikichanganyika na pombe inaweza kuzima pumzi. Hupewa pia vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa. Ikikosekana, macho huyumba, miguu hupepesuka na kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja.

Aliyewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipoacha pombe asijaribu tena nyumbani, kwani mara nyingi arosto inayofuata huwa kali zaidi.

Wagonjwa hawa tunawakuta hata wodi ya upasuaji. Kavunjika mguu, alipoulizwa kuhusu pombe akaona aibu, siku ya tatu anang'oa dripu. Ukilazwa kwa lolote, taja unakunywa kiasi gani, na glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi.