Kisingizio kazini: sababu ya kwenye barua na sababu ya moyoni

Akufukuzaye hakwambii toka. Atakunyima chai, atafagia pale ulipokaa, ataongeza sauti ya redio ukianza kuzungumza, mpaka ujiondokee mwenyewe. Kazini mambo ni yaleyale, ila huko kuna karatasi. Mwajiri anayetaka mtu aondoke kwa sababu iliyokatazwa na sheria, iwe rangi, dini, mimba au ugonjwa, hawezi kuitaja kwenye barua ya kumwachisha kazi. Ataandika nyingine inayokubalika: uzembe, kuchelewa, kushuka kwa kiwango cha kazi, au lile neno pana lisiloshikika, "tabia". Sababu hiyo ya kuazima ndiyo inayoitwa kisingizio, na kesi nyingi za ubaguzi kazini huamuliwa kwa kuipima hiyo tu.

Mtaani kisingizio ni udhuru wowote wa uongo. Mtoto hakufanya zoezi, anadai daftari limeibwa. Mahakamani maana inabana zaidi. Si kila sababu mbovu ni kisingizio. Bosi anaweza kumfukuza mtu kwa sababu ya kijinga, kwa hasira za asubuhi, hata kwa kukosea hesabu, na bado asiwe amebagua, mradi ndiyo hasa iliyomsukuma. Kisingizio ni sababu ambayo mwajiri mwenyewe haikumsukuma, kaiweka mbele ili nyingine isionekane. Kwa hiyo swali si kama uamuzi ulikuwa wa busara. Swali ni nini kilikuwa moyoni mwa bosi siku ile, na moyo haupandi kizimbani kuulizwa.

Ugumu huo umeonyeshwa vizuri na filamu ya Philadelphia, ya mwongozaji Jonathan Demme, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Desemba 1993. Wengi wanaikumbuka kwa jinsi Tom Hanks alivyokonda, na kwa tuzo ya Oscar aliyoipata kwa kazi hiyo. Mimi naikumbuka kwa faili lililopotea.

Andrew Beckett, anayeigizwa na Hanks, ni wakili kijana katika ofisi kubwa ya mawakili jijini Philadelphia. Amepandishwa cheo juzijuzi, na mkuu wa ofisi, Charles Wheeler, kamkabidhi kesi ya mteja mkubwa. Beckett anaishi na mpenzi wake wa kiume, ana UKIMWI, na ofisini hajatamka lolote kati ya hayo mawili. Jioni ileile ya kukabidhiwa kesi, mmoja wa wabia wa ofisi anamwona doa kwenye paji la uso na kumwuliza ni nini. Beckett anajibu kwamba aligongwa na mpira mchezoni. Baadaye, siku ya mwisho kabla muda wa kufungua kesi haujaisha, hati ya madai aliyoiandaa haionekani mezani, wala nakala yake haimo kwenye kompyuta. Ofisi nzima inahaha. Inapatikana dakika za mwisho, inakimbizwa mahakamani, mteja hapotezi kitu. Beckett anafukuzwa kazi. Anaambiwa siku hizi amekuwa kama mtu aliyezungukwa na ukungu, na kwamba ana tatizo la tabia.

Hapo pana sababu mbili kwa tendo moja. Ya kwenye barua ni faili na tabia. Ya pili, ikiwa ipo, ni doa.

Sheria ya Marekani ina njia yake ya kupita kati ya sababu mbili za namna hiyo, na haikuanza na ugonjwa, ilianza na rangi. Percy Green, fundi mweusi wa St. Louis, aliachishwa kazi mwaka 1964 na kiwanda cha ndege cha McDonnell. Aliamini rangi yake ilihusika, akashiriki maandamano ya kuziba barabara za kuingia kiwandani. Mwaka uliofuata kiwanda kilitangaza nafasi za mafundi, akaomba, akakataliwa. Kampuni ikasema: hatumwajiri mtu aliyetuzibia njia. Sababu inasikika ya haki kabisa, na ndiyo maana kesi yake ikawa somo. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliweka hatua tatu. Kwanza mfanyakazi aonyeshe mambo ya msingi: yumo katika kundi linalolindwa, anaimudu kazi, na amenyimwa kazi ambayo nafasi yake ilikuwapo. Akifika hapo, mwajiri ana jambo la kujibu, naye ataje sababu halali. Kisha zamu inarudi kwa mfanyakazi, kuonyesha kwamba sababu iliyotajwa ni kisingizio. Mahakama ikatoa hata mfano: kama wazungu walioshiriki vurugu za uzito uleule walirudishwa kazini, basi sababu ya barabara haisimami.

Mfano huo ndio ufunguo. Kwa kuwa huwezi kupasua moyo wa bosi ukausoma, unalinganisha. Wenzake waliofanya kosa lilelile walifanywaje? Kabla ya ugonjwa kujulikana, huyuhuyu alisemwaje? Sababu iliyotolewa siku ya kufukuzwa ndiyo ileile iliyotolewa mahakamani, au imekuwa ikivaa nguo mpya kila ikiulizwa? Na kati ya siku waliyojua na siku waliyomfukuza zilipita siku ngapi? Hakuna jibu hata moja linalotosha lenyewe. Huu ni ushahidi wa mazingira, unaopata nguvu kwa kurundikana.

Beckett anabeba rundo lake mpaka kwa Joe Miller, anayeigizwa na Denzel Washington. Miller ni wakili wa kesi za ajali, mwenye matangazo kwenye televisheni na chuki ya wazi kwa mashoga. Anamkatalia, na kwa sababu walipeana mkono, anakimbilia kwa daktari kuuliza kama ameambukizwa. (Napenda kwamba waandishi hawakumfanya mtetezi kuwa malaika. Anaujua ubaguzi kwa kuwa anao.) Kinachombadilisha ni maktaba. Anamwona Beckett akisoma vitabu vya sheria peke yake, na mtumishi wa maktaba akimsogelea kwa adabu tupu kumwuliza kama hangestarehe zaidi katika chumba cha pembeni. Beckett anamrudishia swali: je, ni wewe ambaye ungestarehe zaidi? Tazama kisingizio hicho kidogo kilivyofungwa vizuri. Hofu ni ya mtumishi, lakini imefikishwa kama hisani kwa mgonjwa.

Wakiwa maktaba hapo wanasoma pamoja hukumu ambayo ni ya kweli, ya mwaka 1987. Mwalimu wa shule ya Florida, Gene Arline, alifukuzwa mwaka 1979 baada ya kifua kikuu kumrudia. Mahakama Kuu iliamua kwamba ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu unaolindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1973, ikisema kwamba hofu na imani potofu za jamii kuhusu ugonjwa zinaweza kumlemaza mtu sawasawa na ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu kiliufungulia UKIMWI mlango.

Kesi inapofika mahakamani, utetezi hausemi "ndiyo, tulimfukuza kwa ugonjwa." Unasema mambo mawili: kazi yake ilikuwa ya wastani, na hatukujua kwamba anaumwa. La pili ndilo lenye nguvu. Mtu hawezi kukubagua kwa jambo asilolijua. Ujuzi wa mwajiri ni kama nguzo ya katikati, ukiung'oa paa lote linaanguka, hata kama kila kitu kingine kinanuka. Ndiyo maana filamu inatumia muda mwingi kwenye jambo linaloonekana dogo: nani aliona doa, na alijua ni doa la nini?

Wakili wa utetezi anampa Beckett kioo, anamwuliza kama kwa umbali mfupi anaweza kuyaona madoa usoni mwake. Haoni, na kwa kuwa ameapa, anakiri. Basi mabosi wangeonaje? Miller anasimama na kuuliza kama mwilini kuna mahali penye madoa yanayofanana na yale aliyokuwa nayo usoni alipofukuzwa. Beckett anafungua shati. Kifua kimejaa madoa ya Kaposi, saratani ya ngozi ambayo miaka ile watu wengi waliitambua kuwa dalili ya UKIMWI. Na kulikuwa na sababu ya kuamini kwamba yule mbia aliyeuliza kuhusu paji la uso aliijua dalili hiyo: shahidi mmoja, mwanamke, anaeleza kwamba aliwahi kufanya naye kazi kwingine, yeye mwenyewe akiwa na UKIMWI na madoa yaleyale.

Mbia mwingine, Bob Seidman, anakiri kizimbani kwamba alishuku, hakumwambia mtu, wala hakumpa Beckett nafasi ya kulizungumza, na kwamba anajuta. Aliyeigiza nafasi hiyo ya mtu anayejua na kunyamaza, Ron Vawter, mwenyewe alikuwa akiishi na VVU. Alifariki Aprili 1994.

Lakini ufafanuzi ulio mwepesi kuliko wote wa neno kisingizio haumo kwenye hotuba za mawakili. Umo chumbani, wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, wakijadiliana. Mmoja wao anauliza: wanasema kijana huyu alikuwa wa wastani, na kesi kubwa walimpa kumjaribu tu. Ningekuwa na ndege ya kivita ya mamilioni ya dola, na kazi ya hatari mbele yangu, ningempa rubani asiyejua ili nione kama ataweza, au ningempa rubani wangu bora? Basi. Mabosi walikwisha kutoa ushahidi wao siku walipomkabidhi kesi, kabla hawajawa na haja ya kusema uongo. Juri inampa ushindi, na zaidi ya dola milioni 4 za kuiadhibu ofisi. Beckett yuko kitandani hospitali, anaisha.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu filamu inaweza kukudanganya kwamba ukishafichua uongo umeshinda. Juni 1993, miezi michache kabla haijatoka, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya mlinzi wa nyumba ya wafungwa huko St. Louis, mweusi aliyeshushwa cheo na kufukuzwa. Mwajiri alitaja sababu zake, jaji akaona si za kweli, na bado mfanyakazi hakuwa ameshinda moja kwa moja. Mahakama ilisema kuonyesha kwamba sababu ni ya uongo hakumlazimu jaji kukubali kwamba iliyofichwa nyuma yake ni ubaguzi. Huenda bosi aliificha chuki binafsi isiyohusu rangi. Kuanguka kwa pazia kunaruhusu kudhani kilichokuwa nyuma, hakumshurutishi mtu kukiona. Naona hukumu hiyo ina mantiki ya kiwanasheria na ukali usio wa lazima: anayekamatwa akidanganya kuhusu sababu zake anaachiwa nafasi ya kufaidika na giza alilolileta mwenyewe.

Nje ya sinema mambo yalikwenda taratibu zaidi. Geoffrey Bowers, wakili wa New York, alitokewa na madoa usoni na kufukuzwa mwaka 1986. Alilalamika kwa idara ya haki za binadamu ya jimbo, akatoa ushahidi mwaka 1987 akiwa mgonjwa sana, akafariki mwaka huohuo. Uamuzi wa kumpa fidia ya dola 500,000 ulitoka Desemba 1993, mwezi uleule filamu ilipotoka. Familia yake iliwashtaki watengenezaji kwa kutumia habari zake, na wakamalizana nje ya mahakama. Jiji la Philadelphia lenyewe lilikuwa na kesi yake: mwaka 1990 jaji wa shirikisho alimpa ushindi wakili Clarence Cain, aliyefukuzwa baada ya mwajiri kujua ana UKIMWI.

Kwa msomaji wa huku kwetu, tofauti kubwa iko kwenye swali la nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Marekani, hatua zote tatu zikipita, mzigo wa kuishawishi mahakama bado uko begani kwa mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja hali ya VVU miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, na mfanyakazi akishaonyesha kwamba kuna jambo la kujibu, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua au kwamba hatua yake haikutokana na msingi huo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataja VVU na kumtwisha mwajiri mzigo huo, na Kenya ina pia baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya VVU na UKIMWI, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kwa maandishi, Beckett angekuwa na nafuu Dodoma au Nairobi kuliko Philadelphia.

Nafuu hiyo haizuii kisingizio kuandikwa, na muda wa kulalamika ni mfupi. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mle ndani mambo huanza na karatasi za kawaida kabisa: tathmini ya mwaka jana, ratiba ya zamu, ruhusa ya kwenda kliniki, na barua ya kwanza ya onyo, ambayo mtu ataigeuza atazame tarehe yake.