Kabla ya kuuza shamba, leta majibu ya bayopsi

Jana kijana mmoja aliniwekea simu mezani, picha ya kichupa cha pembrolizumabu, dawa ya saratani ya mapafu anayoitaka kwa baba yake. "Daktari, hii inapiga saratani tu, haigusi kitu kingine. Shamba la mzee limeshapata mnunuzi." Nikaomba majibu ya bayopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe. Hana. Bahasha ilikuwa na eksirei mbili na kadi ya dawa za kifua kikuu, miezi 6 ambayo mzee aliimaliza huku akizidi kukonda.

Hilo la "haigusi kitu kingine" nimelisikia mara ya nne mwezi huu, na si kweli. Pembrolizumabu haiendi kuua seli ya saratani. Inashika PD-1, breki iliyo kwenye seli T, askari wa kinga ya mgonjwa mwenyewe. Breki ikiachiwa, kinga inaamka, na ikishaamka haichagui: inaweza kushambulia tezi ya thairoidi, utumbo, ini, hata sehemu ya pafu isiyo na saratani. Mgonjwa akianza kuhema baada ya dozi, asingoje kliniki ya wiki 3. Aje siku hiyo hiyo, maana steroidi, dawa za kutuliza kinga, zikichelewa tunaweza kumpoteza.

Amivantamabu ndiyo inayoishika seli yenyewe, kwenye EGFR na MET, vipokezi viwili vinavyoiamuru seli ikue. Bevasizumabu inazuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Mwenye saratani ya mapafu ya aina ya skwamasi (ya seli bapa) hapewi bevasizumabu, anaweza kukohoa damu mpaka afe. Zote tatu ni kingamwili, protini zinazonasa shabaha maalumu, na kila moja ina mgonjwa wake.

Kwa hiyo nyama kwanza: kipande kama punje ya mchele ndani ya fomalini ya kukihifadhi, kipimwe aina ya saratani, mabadiliko ya jeni za EGFR na ALK, na PD-L1, protini ya uvimbe inayokanyaga ile breki ya PD-1. Mwenye mabadiliko ya EGFR kwa kawaida nataka aanze na vidonge vya osimertinibu, vinavyozuia EGFR. Akitangulizwa pembrolizumabu halafu vidonge vikafuata, hatari ya mapafu kuvimba inapanda.

PD-L1 nayo hainitoshelezi. Tunafurahia ikifika asilimia 50, lakini wapo wenye 80 wasiopata nafuu, na wapo wenye sifuri wanaopata. Kinachoninyima usingizi zaidi hapa Uganda ni kifua kikuu kilicholala, kwa sababu kinga ikifunguliwa kinaweza kuamka, na majaribio makubwa ya dawa hizi yaliwaacha nje wenye kifua kikuu hai. Mgonjwa wa namna hiyo akikohoa, je, ni dawa, ni kifua kikuu au ni saratani? Mara nyingine natibu zaidi ya kimoja kwa pamoja.

Kijana ameondoka na fomu. Mzee anatolewa kipande Jumatatu.