Namba b ya volkano: hesabu fupi, mitego mingi

Mwamba uliosongwa na magma hukaa ukingoni mwa kupasuka. Ufa mmoja ukiachia, mzigo wake unawaangukia majirani, na mnyororo huo huweza kukoma hapohapo au kwenda mbali. Hakuna ukubwa maalumu wa tetemeko, lakini idadi zina utaratibu, na namba b ndiyo huupima, yaani jinsi madogo yanavyoyazidi makubwa kwa wingi: b ikiwa 1, kwa kila tetemeko moja la magnitudo 3 na kuendelea tarajia kama 10 ya 2 na kuendelea, na 100 ya 1 na kuendelea. Chini ya volkano b mara nyingi huzidi 1, hata kukaribia 2, kwa sababu mwamba wa huko umekatikakatika, una joto na majimaji yenye mgandamizo. Nyufa ndogo ni tele, chache hupata nafasi ya kukua.

Kanuni ya kukokotoa b ni ya mtaalamu wa matetemeko Aki (1965), pamoja na sahihisho la Utsu:

b = 0.434 ÷ [wastani wa magnitudo − (Mc − nusu ya hatua)]

Mc ni magnitudo ambayo kuanzia hapo mtandao wa vipima-tetemeko haukosi tetemeko; hatua ni pengo kati ya magnitudo moja na inayofuata kwenye orodha. Tuseme Mc ni 1.0, hatua ni 0.1, na matetemeko 400 ya kuanzia Mc yana wastani wa 1.34. Basi 0.434 ÷ (1.34 − 0.95) = 1.11. Kosa la kitakwimu ni takriban b ÷ √N (N ni idadi ya matetemeko), yaani 0.06. Kwa matetemeko 50 lingekuwa 0.16, na kwa data hiyo sichori ramani ya b.

Wengi huumbuka kwenye Mc. Ukiiweka 0.6 kwa data hiyohiyo, na wastani ukashuka hadi 1.12 tu kwa kuwa madogo mengi hayakunaswa, utapata 0.76. Hiyo si habari ya magma, ni upungufu wa mtandao. Chora grafu ya idadi kwa kila magnitudo, chukua kilele, kisha ongeza 0.2, maana kilele peke yake hukadiria chini.

Isitoshe, Mc haitulii. Upepo na malori ya mchana huipandisha. Katika mfululizo kama wa Gelai, karibu na volkano ya Oldoinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, uliotoa tetemeko la 5.9 tarehe 17 Julai 2007, mtikisiko wa kubwa hufunika madogo yanayolifuata, na b huonekana kushuka ghafla. Saa hizo mimi huzitupa.

Na kuna volkano zisizokupa cha kuhesabu kabla ya kulipuka. Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, 22 Mei 2021, matetemeko yalishamiri baada ya lava kuanza kutoka, magma ikipenya kusini chini ya Goma na Ziwa Kivu.