Je, wajua mwaka wa barua ya siri ya Beethoven ulijulikanaje?

Mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven alifariki Vienna tarehe 26 Machi 1827. Rafiki zake walitafuta hati za hisa za benki alizokuwa ameziweka akiba, na katika saraka ya siri wakakuta pia barua ya mapenzi. Kurasa kumi ndogo, zote kwa penseli. “Malaika wangu, kila kitu changu, nafsi yangu,” ndivyo inavyoanza. Jina la mwanamke halimo, wala mji, wala mwaka.

Anton Schindler, aliyewahi kuwa katibu wake, alidai mwanamke ni Giulietta Guicciardi, mwanafunzi wake Beethoven wa piano, na mwaka ni 1806. Barua yenyewe inamkatalia. Beethoven ameandika: “Jumatatu jioni, 6 Julai.” Mwaka 1806 siku hiyo ilikuwa Jumapili. Tangu ahamie Vienna mwaka 1792, 6 Julai iliangukia Jumatatu mwaka 1795, 1801, 1807, 1812 na 1818 tu.

Sasa ni upi? Hapo safari yake ndiyo inayotoa jibu. Anasimulia alivyofika saa kumi alfajiri baada ya kupita msituni usiku, ingawa alionywa, na gari lake la farasi likamharibikia kwenye barabara mbovu. Anasema amekuja kuoga maji ya tiba, na kwamba posta ya kwenda “K.” huondoka Jumatatu na Alhamisi. Yote hayo yanalingana na Teplitz, mji wa maji ya tiba huko Bohemia (leo ni Ucheki), alikofika 5 Julai 1812 akitokea Prague. “K.” ni Karlsbad, mji mwingine wa maji ya tiba.

Kuhusu mwanamke, wataalamu wamegawanyika. Wengine wanamtaja Antonie Brentano, aliyekuwa Karlsbad siku hizo pamoja na mumewe. Wengine Josephine Brunsvik, ambaye Beethoven alimwandikia barua za mapenzi tangu 1804.

Kinachonigusa mimi zaidi ni ile penseli. Mwanzoni kabisa anaeleza kwamba anaandika kwa penseli, kisha anaongeza: “yako”. Basi walikuwa wameonana muda mfupi kabla, na aliondoka na penseli ya mpenzi wake. Huenda walionana Prague, kwani tarehe 14 Julai alimwandikia Varnhagen, mwandishi aliyekuwa Prague, akimwomba radhi kwa kutokaa naye jioni ile ya mwisho mjini. Sababu aliyoitoa ni jambo ambalo hakuweza kulitazamia.