Je, wajua kwa nini marumaru iliyokupendeza dukani ndiyo inayokuangusha jikoni?

Mwaka jana tulihamia kwenye nyumba yetu, nje bado haijapigwa rangi lakini jiko lilikuwa limeisha, na jiko ndo nililokuwa najivunia, marumaru nyeupe za sentimita 60 kwa 60 zinang'aa mpaka taa ya dari unaiona chini kama imezama kisimani. Wiki ya pili tu mama mkwe kaja kutusalimia, kaingia jikoni na ndala zake, karibu na sinki palikuwa na maji kidogo ya kuoshea mchele, mimi niko sebuleni nikasikia sufuria inagonga chini halafu nikasikia "yalaaa!" Hakuvunjika namshukuru Mungu, ila kiuno kilimsumbua karibu mwezi mzima na kila akipiga simu lazima aulize "lile jiko lenu la kioo bado lipo?" Sasa mimi kilichonisumbua ni kingine: dukani nilizikanyaga hizohizo, nikatembea juu yake na viatu, mbona sikuteleza hata kidogo?

Kumbe jibu ni dogo tu. Dukani pakavu. Soli ikigusana na marumaru kavu, hata kama inang'aa vipi, inashika vizuri. Yakiingia maji katikati yanajitandaza kama utando mwembamba sana, na kwa sababu uso wa marumaru ni laini kama kioo ule utando hauna pa kukimbilia, kwa hiyo mguu hauko juu ya sakafu tena, uko juu ya maji, sawasawa na gari la tairi kipara kwenye lami yenye mvua. Uso wenye vinundu vidogo vidogo, hata vile usivyoviona kwa macho ila ukipitisha kiganja unavihisi, vinatoboa ule utando na kuigusa soli. Halafu jikoni hamna maji matupu. Kuna mafuta, kuna sabuni, na kuna tui la nazi ambalo ni maji na mafuta kwa pamoja, hivi vyote ni vizito kumiminika kuliko maji na vinachukua muda zaidi kubanwa vitoke chini ya mguu. Mama mkwe alikanyaga maji ya mchele tu, angekanyaga tui sijui ingekuwaje.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii, wengine hata wao hawakijui. Kwenye maboksi mengi utakuta herufi R na namba, R9, R10, R11 mpaka R13. Mimi niliona R9 nikajua basi hii ni kali, tisa kati ya kumi! La hasha. Kipimo chenyewe kinaanzia tisa, R9 ndo ya mkiani. Ni kipimo kilichoanzia kwa Wajerumani kwa jina la DIN 51130, na wanavyokipima utacheka: wanazibandika marumaru kwenye ubao unaoinuka, wanazimwagia mafuta ya injini, mtu anavaa buti za kazi na kufungwa kamba asiumie, anatembea mbele na nyuma huku ubao unainuliwa taratibu mpaka anaanza kuteleza. Akiteleza ubao ukiwa kati ya digrii 6 na 10 hiyo ni R9. Zaidi ya 10 mpaka 19 ni R10, mpaka 27 ni R11, mpaka 35 ni R12, ikivuka hapo R13. Kwa hiyo ile R9 yangu, kwa lugha ya mtaani, ilimaanisha mtu kateleza kabla hata mlima haujaanza.

Usikimbilie R13 lakini. Hizo ni za viwanda na machinjio, uso wake unakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu, ukideki tambara linanasa na uchafu unakaa kwenye mashimo mpaka uusugue na brashi. Kwa jiko la nyumbani R10 inatosha, kama jiko lako liko nje kwenye kibaraza mvua inapiga basi R11. Na kama boksi halijaandikwa kitu, maana nyingi za bei ya chini hazijaandikwa, fanya ninachofanya mimi siku hizi: nenda na chupa ya maji na ndala za zamani zilizolika kisigino, omba marumaru moja iwekwe chini, mwagia, kanyaga. Muuzaji atakuangalia kama umechanganyikiwa. Muache aangalie.

Kingine kilichonishangaza ni huu mng'ao wenyewe. Akili inakwambia kinachong'aa ndo kisafi, uchafu hauwezi kushika. Kwa poselini, zile ngumu za kiwandani zisizonywa maji, zinazosuguliwa mpaka zing'ae ni kinyume, kwa sababu zikitoka kwenye tanuru uso wake umejifunga, ukija kuusugua unaondoa ile ngozi ya juu na kufungua vitundu vidogo sana vilivyokuwa vimefichwa ndani, ndo maana kiwandani huwa wanazipaka dawa ya kuviziba. Dawa ikiisha, chai ya rangi iliyomwagika ukailaza mpaka asubuhi inaacha kivuli. Zile za mati, yaani zisizong'aa, ambazo hazijasuguliwa, hazina hiyo shida sana.

Na tuelewane kwanza kuhusu hili jina, maana linachanganya watu. Sisi tunaita marumaru kila kitu cha kubandika chini, lakini marumaru yenyewe ni jiwe, linachimbwa, na jiwe hilo kwa asili yake ni la chokaa, yaani likikutana na asidi linaliwa. Kamulia ndimu juu yake, sahau dakika kadhaa, ukifuta utakuta alama nyepesi isiyotoka kwa sabuni yoyote, kwa sababu sio doa, ni uso wa jiwe umeliwa. Jiko la mtu anayepika samaki kwa ndimu na kachumbari ya siki weka jiwe hilo kama una hela ya kuja kulisugua upya. Terazo nayo ina vipande vya jiwe hilohilo ndani ya sementi, kwa hiyo ndimu inaiumiza vilevile, ila ni ngumu jamani, kuna shule na hospitali za zamani terazo yake ina miaka hamsini na bado ipo.

Tukirudi kwenye za kiwandani, kuna seramiki na kuna poselini na tofauti kubwa ni kunywa maji. Poselini hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, zile za ukutani zinaweza kunywa zaidi ya asilimia 10. Huna haja ya maabara, igeuze, mwagia maji kidogo mgongoni, ikinywa fasta na kubadilika rangi hiyo ni seramiki laini hata kama muuzaji anakuapia "bosi hii poselini orijino". Watu wengi wananunua za ukutani wanaweka chini kwa sababu bei imepoa, siku mchi ukidondoka kutoka kwenye kinu ndo wanajua.

Na hapa ndo mafundi wengi wanapoharibu, wala sio kwa ubaya. Fundi wangu ni mtu wa kazi kweli, kajifunza enzi za seramiki, analoweka marumaru kwenye pipa la maji halafu anabandika kwa uji wa sementi. Kwa seramiki hiyo ilikuwa sawa kabisa, inakunywa ule uji na kushikana nao. Poselini hainywi, sasa sementi ishike wapi? Inakauka chini yake tu, miezi kadhaa unagonga na sarafu unasikia ko-ko-ko, ndani patupu. Poselini inataka gundi yake ya mfuko, itandazwe kwa mwiko wenye meno chini kote, sio yale matonge matano, manne kwenye kona na moja katikati. Halafu aache nafasi ndogo pembeni ya ukuta, milimita kadhaa, itafichwa na skating, ule ukanda wa chini ya ukuta. Joto na unyevu vinazitanua kidogo kidogo, zikikosa pa kwenda zinasukumana mpaka siku moja zinainuka katikati kama hema, na mlio wake unaweza kudhani mwizi kavunja mlango.

Sakafu ya niru mimi siidharau. Ile nyekundu ya bibi, ikipigwa vizuri na kumwagiliwa maji wiki nzima bila haraka, inakaa miaka, ikipasuka unaziba, na kinu ukikitwanga juu yake haisemi kitu. Tatizo ikipigwa nta inateleza kama marumaru yangu tu. Kapeti la plastiki ni laini miguuni na ni rahisi, ila kaa moja la jiko la mkaa likidondoka limeshatoboa. Mbao za kubandika, zile za unga wa mbao na gundi, nisingeweka jikoni hata kwa kupewa bure, sisi tunadeki kwa ndoo na zile zikinywa maji zinavimba kama mkate kwenye chai.

Rangi je? Nyeupe inaonyesha kila unywele, nyeusi nayo inaonyesha unga na ile chumvi ya maji yakikauka, watu wa Dodoma wananielewa. Ya katikati, kijivu au rangi ya mchanga yenye madoadoa, inakusitiria mpaka upate muda wa kudeki. Grauti, ile ya kuziba mianya kati ya marumaru, chagua ya kijivu, nyeupe ikishanywa mawese au manjano ndo basi tena. Na mchanga wa nje futa mlangoni, una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kuanzia 1 mpaka 10, wakati kisu cha jikoni ni kama 5 na nusu, ukiukanyagia ndani kila siku ni msasa.

Mimi niliishia kubomoa. Jiko langu ni mita 3 kwa 4, nikahesabu za 40 kwa 40 zinaingia 75, nikaongeza asilimia kumi nikanunua 83, zote zenye namba ileile ya uchomaji kwenye boksi maana uchomaji tofauti unatoa rangi tofauti kidogo. Mati, kijivu, R10. Yale maboksi mawili ya nyeupe yaliyokuwa yamebaki stoo fundi kayapandisha ukutani nyuma ya jiko la gesi, mafuta yakiruka unapitisha tambara mara moja yametoka. Mama mkwe kaja Idi, kabla hajaingia kavua ndala kwanza, kagusa chini na dole gumba la mguu, kasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, ndo akaingia kuomba sufuria.