Laptopu ya kuhariria picha: anza na kioo

Wengi wanaoniomba ushauri wa laptopu ya kuhariria picha huanza na prosesa. Nichukue i5 au i7? Kizazi cha ngapi? Mimi nami huwauliza: kioo chake kinaonyesha asilimia ngapi ya sRGB? Mara nyingi kimya hufuata, na ukimgeukia muuzaji naye hajui. Lakini hilo ndilo swali linaloamua kama picha utakayomkabidhi mteja itafanana na ile uliyokuwa ukiiona wewe. Prosesa dhaifu itakuchelewesha tu, kazi itatoka ileile. Kioo kibaya kinakudanganya, na hutagundua mpaka picha ichapishwe au mteja aifungue kwenye simu yake.

sRGB ni upeo wa rangi, yaani jumla ya rangi zinazoweza kuonyeshwa, uliotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na hadi leo ndio unaotegemewa na tovuti nyingi, simu na sehemu nyingi za kuchapisha picha. Laptopu nyingi za bei ya chini haziufikii. Kwenye karatasi ya sifa zake utakuta imeandikwa "45% NTSC", na mtu hupita hapo bila kushtuka. NTSC ni kipimo cha televisheni cha mwaka 1953, tena kipana kuliko sRGB. Takriban asilimia 72 ya NTSC ndiyo inayolingana na sRGB nzima, kwa hiyo hiyo 45 ni kama asilimia 62 hivi ya sRGB. Zaidi ya theluthi ya rangi haionekani kabisa kwenye kioo hicho. Nini hutokea? Unafungua picha ya harusi, nyuso zinaonekana zimepauka, unaongeza rangi. Kwako sasa zimependeza. Kwenye simu ya bibi harusi, nyuso hizohizo zimekuwa za chungwa.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni sRGB asilimia 100, au karibu sana na hapo. Vioo vya P3, upeo uliotoka kwenye sinema, vina nyekundu na kijani pana zaidi. Ni vizuri ukivipata. Adobe RGB, ya mwaka 1998, inamfaa hasa anayechapisha kwa printa za wino zenye upeo mpana. Kama kazi zako zinaishia mtandaoni au kwenye albamu za kawaida, usilipie Adobe RGB, weka hiyo pesa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kazi iliyo wazi hukaa.

Baada ya upeo wa rangi, angalia aina ya kioo. Hapa sipendi kuamini maandishi, napenda kujaribu. Weka kwenye flashi picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyepigwa kivulini, uifungue kwenye laptopu unayotaka kununua. Tazama eneo la chini ya taya, pale ngozi inapokutana na kivuli cha shingo. Sasa inua kichwa chako kidogo, kisha kishushe. Kwenye kioo cha TN, aina ya bei rahisi, eneo hilo litageuka kutoka nyeusi tii hadi kijivu na kurudi, ilhali hujagusa chochote. Utahariri ipi kati ya hizo mbili? Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kuliko zote kwenye vioo vya namna hiyo, kwa sababu uhai wake wote umo katika vivuli. Kioo cha IPS, aina nyingine, hakiyumbi hivyo. Ukiinama au ukikaa pembeni, kivuli kinabaki pale kilipokuwa.

OLED ina uzuri wake. Kila pikseli inajiwashia mwanga wake, na ikizimwa ni giza kamili, basi nyeusi yake haina mfano. Ila karatasi haina nyeusi ya kina hicho: maelezo ya vivulini unayoyaona vizuri kwenye OLED yanaweza kumezwa yote picha ikichapishwa. Pia menyu za programu ya kuhariri kama Photoshop hukaa mahali pamoja saa nyingi kila siku, na OLED inayoonyesha kitu kilekile kwa muda mrefu inaweza kubaki na alama yake. Kwa maoni yangu, mtu anayeishi kwa kuhariri picha afadhali anunue IPS nzuri.

Kwenye flashi hiyohiyo weka pia picha moja ya utepe unaoanza nyeusi na kuishia nyeupe, bila kitu kingine. Kioo cha biti 8 kina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, jumla kama rangi milioni 16.7. Vioo vingi vya bei rahisi ni vya biti 6, ngazi 64 tu, na huziba pengo kwa kuzibadilisha pikseli harakaharaka ili jicho lidhani rangi ya katikati ipo. Kwenye utepe wako utaona mistari inayokatika badala ya mteremko laini. Mistari hiyohiyo ndiyo itakayojitokeza kwenye anga la magharibi, na wewe utahangaika kuirekebisha picha ambayo haina kasoro yoyote.

Mwangaza wa niti 300 unatosha, ikiwa 400 vizuri zaidi kwa anayefanya kazi karibu na dirisha. Kioo kisichong'aa kinapunguza uakisi. Uwiano wa upana kwa kimo wa 16:10 unakupa nafasi ya ziada kwa menyu kuliko 16:9. Kuhusu pikseli, 2560×1600 kwenye kioo cha inchi 14 hadi 16 ni kiwango kizuri. 4K kwenye kioo kidogo inakula betri kwa faida ndogo.

Tukija kwenye RAM, tupige hesabu. Picha ya megapikseli 24 katika biti 16 inachukua baiti 6 kwa kila pikseli, yaani MB 144 kwa leya (tabaka la picha) moja. Nakili leya hiyo usafishe ngozi, nakili tena ung'arishe macho, ongeza ya mandharinyuma: ukifika leya tano umeshapita MB 700, na hapo hujahesabu historia ya hatua zako, programu ya Lightroom iliyo wazi nyuma, na kivinjari chenye madirisha kumi. Kwenye GB 8 mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na brashi inafuata mkono wako kwa kuchelewa. Anza na GB 16. Kama kamera yako ni ya megapikseli 45, au unaunganisha picha nyingi kuwa mandhari moja pana, tafuta 32.

Na uulize kabla ya kulipa: RAM inaongezeka, au imechomelewa kwenye bodi? Laptopu nyingi nyembamba hazina nafasi ya kuongeza. MacBook za chipu za Apple, tangu M1 ya mwaka 2020, zinatumia kumbukumbu moja kwa prosesa na grafiki, wala haibadilishwi baadaye. Utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Kadi ya grafiki inategemea unapiga nini. Picha za mchana na za studio hazihitaji kadi ya peke yake. Lakini kama unapiga matamasha au sherehe za usiku, utaitumia sana Denoise, zana ya kuondoa chembechembe kwenye picha za gizani, iliyoingia Lightroom mwezi wa Aprili 2023, na hiyo inategemea grafiki: kadi nzuri inamaliza picha kwa sekunde, dhaifu inaweza kuchukua dakika kadhaa kwa picha moja. Zidisha kwa picha za sherehe nzima.

Prosesa nimeiweka nyuma makusudi. Karibu zote za miaka ya karibuni za daraja la kati zinatosha. Kinachozitofautisha ni joto: prosesa ileile ndani ya mwili mwembamba usio na feni ya maana itakimbia dakika za mwanzo, kisha ijipunguze kasi ukiwa katikati ya kutoa picha mia tano. Diski iwe SSD (isiyo na kitu kinachozunguka) ya NVMe, aina ya kasi zaidi, GB 512 kwenda juu. SSD za SATA, aina ya zamani, zinaishia kama MB 550 kwa sekunde, bado zinafaa. Diski ya kuzunguka iwe ya kuhifadhia nakala tu.

Kama bajeti ni ndogo na unafanyia kazi mahali pamoja, kuna njia ninayoipenda: nunua laptopu iliyotumika yenye RAM ya kutosha, hata kama kioo chake ni cha kawaida, kisha ununue monita ya nje ya IPS yenye sRGB kamili. Kioo cha laptopu kibaki cha menyu na barua pepe. Siku moja ongeza kifaa cha kupimia rangi, kile kinachowekwa juu ya kioo, na uipange monita kwenye nyuzi 6500 za Kelvin (rangi ya mweupe) na gama 2.2 (mpando wa mwanga kutoka giza hadi weupe). Hakitaongeza rangi ambazo kioo hakina, ila kitazipanga zile kilizonazo.

Ukishaifikisha laptopu nyumbani, kabla hujafungua picha ya mteja, zima mwanga wa usiku, zima mwangaza wa kujirekebisha, na kwenye MacBook zima True Tone. Kwenye mashine nyingi za Intel kuna pia mpango wa kuokoa betri unaobadilisha utofauti wa mwanga na giza kwenye kioo. Fungua ile picha ya kivulini, chomoa chaja huku macho yakiwa chini ya taya. Kivuli kikisogea, mpango huo bado uko kazini. Utafute kwenye mipangilio ya grafiki uuzime.